Bei ya mkia, kikosi cha kumaliza au ulinzi wa kudumu? Njia tatu ambazo serikali hutumia dhidi ya nutria

Ukimjua ndezi, nutria umeshamjua nusu. Ni mgugunaji mnene mwenye uzito wa kilo 5 hadi 9, meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa iliyokolea, na vidole vya miguu yake ya nyuma vimeungwa kwa utando kama vya bata. Chuchu za jike ziko juu ubavuni, kwa hiyo watoto hunyonya huku mama yao akielea. Mkia ni wa mviringo kama wa panya, na huo mkia tutaurudia mara nyingi humu.

Kwao ni Amerika ya Kusini. Waliomtoa huko ni wafanyabiashara wa manyoya, waliomfuga Uingereza, Marekani na kwingineko katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Vizimba vikavunjika, bei ya ngozi ikaanguka, wengine wakaachiwa makusudi. Hata Kenya alifika: watoro wa shamba la manyoya la upande wa Kinangop walionekana Ziwa Naivasha katika miaka ya 1960, wakakaa miaka kadhaa, kisha wakatoweka bila serikali kuwafukuza. Cha ajabu, kamba wekundu wa maji baridi waliopandikizwa ziwani humo mwaka 1970 na kubaki, asili yao ni Louisiana, jimbo la Marekani ambalo tutalizungumzia sana hapa.

Ubaya wa nutria uko mdomoni. Kwa siku anaweza kula chakula kinachofikia robo ya uzito wake, na hali majani tu, hufukua na mizizi. Matete yakikatwa juu huchipua tena. Mizizi ikiliwa, tope lililokuwa limeshikwa hulegea, maji ya kupwa na kujaa hulibeba, na palipokuwa na kinamasi panabaki dimbwi tupu. Samaki wadogo hukosa pa kujificha, ndege hukosa pa kutagia, na dhoruba ikija hakuna kinachoipunguza nguvu kabla haijafika majumbani.

Namwandikia aliyekwama: afisa wa maliasili anayeandaa pendekezo, diwani anayebanwa maswali na wavuvi, mwanafunzi wa ikolojia, au mwanakikundi cha kulinda ardhioevu ambaye mkutanoni amesikia "serikali ilipe kwa kila mnyama" na hajui anyooshe mkono au aukunje. Mifano ni ya nutria, lakini hesabu yake inamhusu mvamizi yeyote anayezaa haraka.

## Vipimo kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza ni njia ipi inaua wengi. Swali hilo hupotosha. Jike la nutria hubeba mimba miezi minne na siku kadhaa, kwa kawaida huzaa watoto wanne au watano, na baada ya kuzaa anaweza kupata mimba nyingine ndani ya siku mbili tatu. Ukiua nusu yao mwaka huu, pengo hilo linaweza kuzibika upesi. Rundo la mizoga lina maana pale tu unapojua wamebaki wangapi.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa maswali matano yale yale. Lengo ni nini hasa: kupunguza, kumaliza, au kuzuia wasivuke? Mtegaji analipwa kwa kazi gani? Fedha zinatoka mfuko upi, na kwa muda gani? Nini humpata mnyama wa mwisho, yule mjanja aliyebaki peke yake kwenye matete? Na njia hiyo inamfaa nani?

Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu kwenye kikao, uliza la pili. Ukijua mtegaji analipwa kwa lipi, unaweza kubashiri kinamasi kitakuwaje miaka kumi ijayo.

## Njia ya kwanza: kununua mikia (Louisiana)

Lengo. Kupunguza hasara. Louisiana haijawahi kuahidi kumaliza nutria, na tuanze kwa kulikubali hilo ili tusiipime kwa ahadi ambayo haikutoa. Vinamasi vya pwani yake vimeenea kwa zaidi ya hekta milioni moja, vimeungana kwa mifereji, na vinaendelea hadi majimbo jirani. Hakuna pa kuweka ukuta.

Kabla ya serikali, mdhibiti alikuwa soko. Katika msimu wa 1976 na 1977 wategaji wa Louisiana walivuna nutria milioni 1.8 kwa ajili ya ngozi. Hakuna aliyekuwa akifikiria kuokoa kinamasi, watu walikuwa wakitafuta hela ya nguo za sikukuu. Miaka ya 1980 bei ya manyoya ikaporomoka, wategaji wakatundika mitego, na miaka michache baadaye marubani waliokuwa wakipita juu ya pwani wakaanza kuona mabaka ya maji katikati ya nyasi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, makadirio ya eneo lililoharibiwa yalifika kama ekari 100,000, karibu hekta 40,000. Mjini nako hali haikuwa nzuri. Katika miaka hiyo ya 1990 mkuu wa polisi wa Jefferson Parish, wilaya iliyo jirani na jiji la New Orleans, Harry Lee, alikuwa akiwatuma askari wake walenga shabaha usiku kupiga nutria waliokuwa wakitoboa kingo za mifereji ya maji ya mvua. Si hadithi ya kutunga.

Mtegaji analipwa kwa lipi. Kwa mkia. Tangu 2002, Idara ya Wanyamapori na Uvuvi ya Louisiana inaendesha mpango wa pwani nzima. Mtegaji hujisajili, huonyesha idhini ya mwenye ardhi pamoja na ramani ya eneo atakalowinda, kisha huanza msimu wa tarehe 20 Novemba, unaoisha tarehe 31 Machi. Hupeleka mikia kituoni, huhesabiwa, naye hulipwa. Mkia wa mtoto, ulio chini ya inchi 7, haupokelewi. Bei ilianza dola 4, ikawa dola 5 mwaka 2006, na tangu 2019 ni dola 6. Mnyama mwenyewe ni wake: akitaka ngozi achune, akitaka nyama ale.

Hapa ndipo wasomaji wengi huguna: si watu watamfuga mnyama ili wauze mkia? Hofu hiyo ina historia. Hanoi, mwaka 1902, utawala wa Kifaransa ulinunua mikia ya panya ili kupunguza panya wa mitaro. Wakaanza kuonekana panya wasio na mikia wakikimbia mitaani, na pembezoni mwa mji watu wakawa wanafuga panya. Louisiana ilijifunza kuweka vizuizi: usajili, msimu, ramani, kipimo cha mkia. Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni bei yenyewe. Kumlisha mnyama wa kilo 6 hadi akomae ili uuze mkia kwa dola 6 ni biashara ya kichaa.

Fedha. Zinatokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 ya kulinda na kurejesha ardhioevu za pwani. Uzuri wake ni kwamba serikali hulipia matokeo yaliyo mkononi. Mtegaji ndiye mwenye boti, mafuta, risasi na mitego, na asipoleta kitu halipwi kitu. Msimu wa kwanza ulileta mikia zaidi ya 308,000, wakati lengo la juu la mpango ni 400,000 kwa mwaka. Eneo lenye hasara limepungua mno likilinganishwa na lile la miaka ya 1990.

Ubaya wake uko kwenye kamba hiyo hiyo. Mafuta ya boti yakipanda, mtegaji hukaa nyumbani. Bei ya manyoya ya nje ikianguka zaidi, hakuna nyongeza ya kumvuta arudi. Serikali imekodi watu ambao si waajiriwa wake na haiwezi kuwapangia wawinde wapi.

Mnyama wa mwisho. Hana hofu yoyote. Mtegaji mwenye akili huenda kwenye nutria wengi na njia fupi, na mahali wakipungua huhama. Kijidimbwi cha mbali chenye jike moja na madume mawili hakina faida kwake. Hivyo ndivyo bei ya mkia inavyofanya kazi siku zote: mkia wa kwanza ni rahisi, wa mwisho ni ghali, na bei ni ile ile.

Inamfaa nani. Eneo kubwa lisilo na mipaka ya asili, lenye wavuvi na wawindaji wanaoyajua maji na tayari wana vyombo, na serikali yenye uwezo wa kulipa kila mwaka bila kujidanganya kuwa ipo siku itaacha.

## Njia ya pili: kikosi cha kumaliza (Uingereza na Ghuba ya Chesapeake)

Lengo. Sifuri. Asibaki hata mmoja.

Waswahili wana neno la kumkebehi aliyekula ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Historia ya njia hii ni ya watu waliolijua hilo na wakapanga bajeti ya mkia tangu mwanzo, baada ya wengine kushindwa.

Uingereza ilianza kumfuga nutria, ambaye wao humwita koipu, mwaka 1929. Watoro wakajaa East Anglia, kwenye mabwawa ya Norfolk, mashamba ya viazisukari na kingo za mito, hadi idadi yao ikakadiriwa kufika 200,000. Kampeni ya kwanza ilifanyika kati ya 1962 na 1965, ikasaidiwa sana na baridi kali ya 1962 na 1963 iliyowaua wengi. Walionekana wamekwisha nguvu, kampeni ikafungwa, na katika miaka ya 1970, miaka ya baridi hafifu, wakarudi. Mwaka 1981 serikali ikaanza upya kwa mpango tofauti.

Mtegaji analipwa kwa lipi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kikosi kilikuwa cha wategaji 24 wa mshahara. Mshahara una ugonjwa wake: mtegaji akimaliza nutria, kazi nayo imekwisha, kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kumwacha mmoja wa mbegu. Dawa iliyowekwa ilikuwa kuipa kazi ukomo wa miaka kumi, na kuahidi bahasha ya hadi mara tatu ya mshahara wa mwaka kwa wategaji wakithibitisha kuwa hakuna nutria aliyesalia. Wakichelewa, bahasha inapungua. Ghafla mnyama wa mwisho akawa mwenye thamani kuliko wote. Mwaka 1989 ikatangazwa kazi imekwisha, kabla ya ukomo.

Walitumia vizimba, mara nyingi juu ya vyelezo, ili mnyama asiyehusika aachiwe akiwa mzima. Hilo nalo lilitokana na somo chungu. Miaka ya 1930 Uingereza ilimmaliza mgugunaji mwingine wa manyoya, maskrati, kwa mitego ya chuma inayobana mguu, na mitego hiyo iliua pia wanyama wadogo na ndege wa majini kwa maelfu.

Upande wa pili wa bahari, Maryland, jimbo la Marekani lililo kwenye Ghuba ya Chesapeake, ilipitia njia hiyo hiyo kwa zana mpya. Nutria waliingizwa eneo la Blackwater mwaka 1943, na hifadhi hiyo ya taifa ilipoteza zaidi ya ekari 5,000 za kinamasi. Mwaka 2002 wategaji walioajiriwa na serikali ya shirikisho wakaanza kukata eneo vipande vidogo kwenye ramani na kutembea kila kipande. Hatua ya kwanza, ya kuwapunguza wengi, ilikwenda haraka. Walioteketezwa kwa jumla ni kama 14,000. Ugumu ukaja baadaye, walipobaki wachache wasioonekana. Wakatumia mbwa waliofunzwa kunusa kinyesi cha nutria, vyelezo vyenye kamera na vyenye nyaya za kunasa nywele, na wakatumia msaliti: nutria aliyehasiwa, akavishwa kola ya redio, akaachiwa. Mnyama huyo hapendi upweke, hutafuta wenzake, nawe unamfuata.

Fedha. Za serikali, nyingi, na hazina matokeo ya kuonyesha kwenye magazeti. Nutria wa mwisho anayejulikana rasi ya Delmarva, yenye vinamasi hivyo vya Maryland, alikamatwa mwaka 2015. Tangazo la ushindi lilitolewa Septemba 2022. Katikati kuna miaka saba ya kuwalipa watu, mbwa na boti watafute mnyama na wasimpate. Jiulize kwa unyofu: baraza lako litapitisha mara saba mfululizo bajeti ya kutokuona kitu? Wengi wangefunga mradi mwaka wa pili, na huko ndiko Uingereza ilikokosea mwaka 1965.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti, nayo ni ridhaa. Vinamasi vingi vya Maryland ni mali ya watu binafsi. Mwenye shamba mmoja akikataa mtego usiingie kwake, shamba lake linakuwa kitalu cha mbegu. Kikosi kilitumia muda mwingi kugonga milango.

Mnyama wa mwisho. Ndiye kazi yenyewe. Kila kitu kingine ni maandalizi.

Inamfaa nani. Kisiwa, rasi, ziwa lililojitenga, au uvamizi mpya ambao bado ni mdogo. Mlango ukiwa wazi, yaani wanyama wakiweza kuingia tena kutoka nje, fedha hizi zote ni maji kwenye pakacha.

Huwezi kulielewa vizuri jambo hili bila kuangalia sheria ya mwaka 2003. Bunge la Marekani lilitenga fedha za kupambana na nutria kwa majimbo mawili, Maryland na Louisiana, katika sheria moja. Moja likamaliza, jingine linaendelea kununua mikia. Hakuna lililokuwa jinga. Maryland ilikuwa na rasi yenye bahari pande mbili, majira ya baridi yanayowapunguza nutria bila malipo, na wanyama wa kuhesabika. Louisiana ilikuwa na joto, ukubwa na majirani.

## Njia ya tatu: ulinzi wa kudumu (Uholanzi)

Lengo. Kulinda matuta, na kuwasukuma wavamizi hadi mpakani wasivuke. Karibu robo ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo shimo la panya kwenye tuta ni suala la watu kufa maji. Mvamizi mkuu huko ni maskrati, aliyeletwa Ulaya mwaka 1905 karibu na Prague na akaenea mwenyewe hadi akafika Uholanzi mwaka 1941. Nutria ni wachache, wengi wakitokea upande wa Ujerumani.

Mtegaji analipwa kwa lipi. Kwa mshahara, maisha yake ya kazi. Ni ajira ya kudumu yenye mafunzo, kwenye mamlaka za maji ambazo ni za kale na huchaguliwa na wananchi. Mtegaji ana eneo lake na hujua kila mfereji. Motisha ya kumwacha mmoja wa mbegu ipo kidogo, kama kwa kila mfanyakazi wa mshahara, ila haina uzito kwa sababu mpakani wanyama wapya hawaishi kuja. Kazi haitakwisha hata akiwa mwaminifu kupita kiasi.

Fedha. Kodi ya maji ambayo kila kaya hulipa kwa mamlaka hizo. Huu ndio msingi wa njia nzima, na ndicho kitu kigumu kuiga. Mlipa kodi wa Uholanzi anaelewa tuta likibomoka litamzamisha yeye, basi hahoji kwa nini analipia watu wa kutega panya kila mwaka.

Mnyama wa mwisho. Yuko ng'ambo ya mpaka. Kwa muda mrefu Uholanzi iliridhika na kuwapunguza, sasa mamlaka zinalenga kumwondoa maskrati nchini kabisa na kubaki na doria ya mpakani. Kwa maneno mengine, wameanza kuchanganya njia ya pili ndani ya ya tatu.

Inamfaa nani. Mahali ambapo hasara ni ya uhai na miundombinu, mlango hauwezi kufungwa, na kuna chombo chenye chanzo chake cha mapato kisichotegemea huruma ya bajeti ya kila mwaka.

## Na kumla je?

Kila mara mada hii ikitajwa, mtu huuliza kwa nini tusimle. Ndezi analiwa, na bei yake si haba. Nutria naye ni mla majani, nyama yake haina mafuta mengi, na waliokula huifananisha na ya sungura. Louisiana imejaribu tangu miaka ya 1990, mpishi Philippe Parola akiwa miongoni mwa waliosimama mstari wa mbele, na mwaka 2025 shirika la shirikisho la samaki na wanyamapori lilihimiza tena Wamarekani waipeleke jikoni. Haijawahi kuwa soko kubwa. Neno panya linatosha kumfukuza mteja, na nyama ya mwituni ina masharti yake ya ukaguzi.

Wasiwasi wangu ni mwingine. Tuseme soko lingekubali. Siku nyama itakapopendwa, nani atakuwa na hamu ya kumaliza chanzo chake? Tayari tuliliona hilo kwenye ngozi: soko lilidhibiti nutria kwa bahati, na lilipoondoka halikuaga mtu. Nyama ni nyongeza nzuri kwa mtegaji ambaye tayari analipwa mkia, na ni msingi dhaifu wa sera.

## Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Kama wameonekana mwaka huu tu na hujui walikotoka, usipoteze miezi ukijadili bei ya mkia. California iliamini imewamaliza miongo kadhaa nyuma, kisha mwaka 2017 akapatikana jike mwenye mimba katika kaunti ya Merced. Serikali ya jimbo haikutangaza zawadi kwa wananchi. Iliunda kikosi mara moja, kwa sababu mito ya huko huishia kwenye delta inayonywesha zaidi ya watu milioni 25, na kingo zake ni za udongo. Wameshakamatwa maelfu na kazi bado inaendelea, ila uamuzi wa kuanza haukucheleweshwa. Tangazo la zawadi hatua hii lina hatari yake: humpa mtu mwenye tamaa sababu ya kuwabeba wanyama hadi bonde jingine.

Kama eneo lako ni kisiwa, ziwa la peke yake au rasi, na una uhakika wa fedha kwa miaka kumi hivi, njia ya pili inastahili kuandikiwa pendekezo. Kwenye pendekezo hilo andika wazi, kwa mstari wake, gharama ya miaka ya kutafuta baada ya mnyama wa mwisho kuonekana. Mstari huo ndio wa kwanza kukatwa na wahasibu, na ukikatwa heri uombe njia nyingine. Panga pia mapema motisha ya wategaji wako. Huna haja ya kuiga bahasha ya Uingereza kama ilivyo, ila hakikisha anayemaliza kazi hapotezi zaidi ya anayeichelewesha.

Kama wamekwisha kuenea kote na jirani yako hana mpango wowote, bei ya mkia ni chaguo la heshima. Iweke na usajili, msimu, kipimo cha mkia na ramani ya mahali mnyama alipouawa, kwa kuwa ramani hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kupeleka watu mwakani. Tenga kando fungu dogo la kuwalipa wategaji wachache kwa siku, waende kule ambako mwindaji wa mkia haendi. Na ukague hasara kwa kupima eneo la kinamasi, kwa kuruka juu yake na ndege au kwa picha za angani. Mikia ikiongezeka inaweza kumaanisha kazi inakwenda vizuri, au inaweza kumaanisha wanyama wameongezeka.

Kama hofu yako ni tuta, bwawa la umeme au mfereji wa umwagiliaji, usianze na eneo lote. Weka watu wa mshahara kwenye miundombinu hiyo tu, gharama yake iingie kwenye ada ya maji ya wanaonufaika, na nje ya hapo tumia njia unayoimudu.

Kama uko Afrika Mashariki na mezani kwako kuna ombi la kibali cha kufuga mgugunaji wa kigeni kwa ajili ya nyama au manyoya, gharama zote zilizotajwa humu ni za kuwekwa kwenye mizani siku hiyo. Muulize mwombaji kizimba kikivunjika nani atalipa, na majibu yake yaandikwe kwenye kibali.

Na kama hujui hata una wangapi, acha mitego kwanza. Chukua mtumbwi asubuhi maji yakiwa yametulia, pita kingo za matete polepole, utafute mashina yaliyokatwa kwa mshazari, vijukwaa vya majani yaliyolaliwa, na kinyesi. Cha nutria huelea, kina umbo refu la mviringo, na kina mistari ya kwenda urefu wake. Piga picha, andika mahali na tarehe, urudi baada ya wiki mbili upite njia ile ile.